Nani Ameuza Mechi?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu hili dogo la chama, nipate kutoa neno lililonikaa moyoni siku nyingi. Najua kurasa hizi ni za habari za mishahara, nyumba na likizo, na karatasi yenyewe ni ya kuhesabu. Walakini jambo ninalolileta lahusu heshima yetu sisi watumishi, maana katika jambo hili wenye kalamu ndio waliotangulia kukosa, na wasio na kalamu wamewafuata.

Jambo lenyewe ni maneno tunayoyasema baada ya mpira.

Kila aliyekaa Shinyanga au Geita ajua desturi ilivyo. Mechi imekwisha jioni. Watu watoka Kambarage, ama Mwadui, ama Nyankumbu, makundi kwa makundi. Kabla hawajafika kwenye kahawa hukumu imekwisha kutolewa: beki wa kulia kauza mechi, kocha hana akili, golikipa karogwa. Jumatatu asubuhi hukumu ile huletwa kazini. Mtu aweka mafaili mezani, lakini hafungui hata moja mpaka amalize kumsulubisha kijana wa watu aliyekosa mpira dakika ya 80. Na asemaye kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye aonekanaye kuwa fundi wa mpira.

Sasa tuulizane, ndugu zangu. Mtu huyo huyo, akiletewa dai la nauli ya shilingi elfu tano lisilo na stakabadhi, hulirudisha. Akiletewa barua isiyo na tarehe, huirudisha. Akiona hesabu mbili zisizolingana katika daftari, hawezi kula chakula cha mchana kwa mashaka. Lakini katika kumwita mtu mwizi mbele ya watu hamsini hahitaji stakabadhi, wala tarehe, wala shahidi. Hii ni haki ya namna gani?

Nasema wazi, na mwenye kunipinga anijibu katika kurasa hizi: desturi hii ya kutafuta mwizi baada ya kila mechi ndiyo inayotunyima kujua kwa nini timu zetu hushindwa. Na timu isiyojua kwa nini imeshindwa haina budi kushindwa tena.

Natoa mfano ambao kila mtu wa Shinyanga aukumbuka. Tarehe 16 Septemba 2018 Stand United, timu yetu iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi, ilikwenda Dar es Salaam kucheza na Yanga. Alex Kitenge, kijana wa Burundi, akafunga magoli 3 peke yake. Yanga wakafunga 4. Tukarudi mikono mitupu.

Je, mazungumzo yetu yalikuwaje? Nami nilikuwamo, sisemi ya kuambiwa. Kundi la kwanza lilimsifu Kitenge mpaka ungedhani tumeshinda. Kundi la pili lilitaja mabeki mmoja mmoja na kuuliza kila mmoja amelipwa nini. Makundi hayo mawili yakabishana wiki nzima. Wala hakutokea mtu wa tatu kuuliza swali ambalo hata mtoto wa shule angeuliza: magoli yale manne yalianzia wapi? Mpira ulipotea mguuni pa nani, na alipoupoteza, wenzake walikuwa wamesimama wapi? Mwenye kupaswa kurudi nyuma ni yupi, na kwa nini hakurudi?

Miezi minne ikapita. Tarehe 19 Januari 2019 Yanga wakaja Kambarage bila kupoteza mechi hata moja katika ligi ya msimu ule. Stand United wakawafunga goli 1 kwa 0. Mji ulisimama. Watu wazima walikumbatiana barabarani.

Mwenye akili na atazame hesabu hizi mbili. Siku ya magoli 3 hatukupata hata pointi moja. Siku ya goli 1 tulipata pointi zote 3. Basi siri haikuwa mbele tulikokuwa tukipiga makofi. Ilikuwa nyuma, katika ile sifuri ambayo hakuna aliyeiimbia wimbo. Mabeki hawaimbwi. Beki akicheza vema dakika 89 hatajwi jina. Akikosea ya 90 ndipo jina lake hujulikana na kila muuza karanga. Ligi ya msimu ule ilikuwa na timu 20, na ilipokwisha, Stand United ilikuwa miongoni mwa zilizoshuka. Tulimpata mfungaji wa kumshangilia na wezi wa kuwatukana, lakini mahali palipovuja hatukupatafuta.

Wala usidhani ya Stand ni ya peke yake. Tarehe 30 Oktoba 2019, uwanjani hapo hapo Kambarage, Mwadui wa machimbo ya almasi waliwafunga Simba goli 1 kwa 0, nayo ikawa mechi ya kwanza Simba kupoteza katika ligi ya msimu ule. Siku ile hakuna mtu wetu aliyesema kwamba mchezaji fulani kauza. La! Siku ya kushinda wote ni mashujaa na kocha ni mwenye hekima. Mwaka 2021 Mwadui wakashika mkia na kushuka daraja, na wale mashujaa wakageuka wezi katika vinywa vile vile. Kama kipimo chetu cha uaminifu wa mtu ni matokeo tu, basi si kipimo, ni ghadhabu iliyovaa kanzu ya hakimu.

Najua jibu litakalokuja, nami sitalikwepa. Mtu ataniambia, Bwana Karani, wewe ni mgeni wa dunia? Mechi hazipangwi? Wasahau ya 2016?

Siyasahau. Mwezi wa Februari 2016, katika siku ya mwisho ya Ligi Daraja la Kwanza, timu za Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zikigombea nafasi moja ya kupanda. Geita wakaifunga JKT Kanembwa magoli 8 kwa 0. Saa zile zile Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro magoli 7 kwa 0. Shirikisho la mpira likachunguza, likaona kwamba michezo ile haikuwa ya haki, likatoa adhabu ya kuzishusha timu, na nafasi ya Ligi Kuu ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Hiyo ni aibu iliyotupata watu wa kanda hii, wala sina haja ya kuifunika.

Lakini tazama jinsi ukweli ule ulivyopatikana. Haukupatikana kwenye kahawa. Kulikuwa na magoli ya kuhesabu, na saa, na msimamo wa ligi, na kamati iliyokaa kuuliza maswali. Yaani ulipatikana kwa njia ile ile ambayo mimi na wewe hulipwa mshahara kuifuata. Na zaidi ya hayo: mtu apigaye kelele ya mwizi kila Jumapili amfanyia kazi mwizi wa kweli. Siku mwizi atakapokuja, nani ataamka? Kijiji kimezoea mayowe. Kwa hiyo mwenye kuchukia mechi za kupangwa angepaswa kuwa wa kwanza kukataza neno hili lisitamkwe ovyo.

Tena, wakati macho yetu yako miguuni pa beki, mambo makubwa hutupita. Mwaka 2016 Stand United ilikuwa na mdhamini, kampuni ya madini ya Acacia. Ukazuka mgogoro wa kugombea timu, watu wa wanachama upande huu, watu wa kampuni upande ule, na mdhamini akajitoa. Ufa ule haukufanywa na beki wa kushoto. Ulifanywa na watu wazima wenye mihuri na karatasi, watu wa namna yetu. Walakini ni wangapi kati yetu waliosimama mkutanoni kuuliza hesabu za timu? Tulikuwa tukibishana juu ya nani alikosa goli.

Nami sijitoi katika lawama hii. Nitaeleza kosa langu, ili mtu asiseme kwamba nawahubiria wengine.

Miaka michache iliyopita nilikuwa uwanjani, na timu moja ya huku kwetu, ambayo sitaitaja, ilikuwa ikicheza. Beki wa kushoto, kijana mwembamba asiyezidi miaka 20, alipanda mbele na mpira. Ukapotea. Winga wa wageni akapita mahali pale palipokuwa wazi kama uwanja wa kuanikia mpunga, akafunga. Nikasimama, mimi mwenye tai shingoni, nikapaza sauti: Kijana, umelipwa shilingi ngapi? Watu wakacheka. Neno likapendeza, likarukwa na mdomo hata mdomo, mpaka jukwaa zima likawa linamwuliza bei yake. Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyefunga goli.

Wiki ya pili kijana yule alikuja dirishani petu kuuliza habari ya barua yake. Mimi nilimjua, yeye hakunijua.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Wewe si mchezaji wa timu fulani?"

"Nilikuwa, kaka. Nimeacha."

Nikamwuliza, kwa unafiki wangu, goli lile lilikuwaje. Akaniambia kwa upole, kama mtu aelezaye kazi yake: "Mwalimu aliniagiza nipande kila tukiwa na mpira, na kiungo wa kushoto abaki nyuma yangu. Yule kiungo aliumia kabla ya mapumziko. Aliyeingia hakuambiwa neno. Nilipogeuka sikumwona mtu." Kisha akatabasamu kidogo. "Na hiyo fedha wanayosema nimelipwa, kaka, ningeipata ningelipa kodi ya chumba. Tulikuwa mwezi wa tatu hatujaona mshahara."

Nikamwuliza sasa aenda wapi. Akasema Geita, kwenye maduara, kuna ndugu yake anayechimba.

Nilimpa barua yake. Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyeanza. Tangu siku ile sijamwona tena, na kila nisikiapo habari ya shimo lililofukia watu, hukumbuka sauti yangu ilivyokuwa kubwa.

Ndugu zangu, kijana yule kwa maneno matatu alinieleza mpira kuliko nilivyosikia kwa miaka kumi ya ubishi. Kulikuwa na agizo. Kulikuwa na mtu wa kulitimiza. Mtu yule akatoka, na agizo halikupelekwa kwa aliyeingia. Hapo ndipo lilipotoka goli. Ni kosa la kazi, la namna ile ile inayotokea ofisini mtu aendapo likizo bila kukabidhi meza yake. Nani kati yetu hajaliona? Na nani kati yetu aliyemwita mwenzake mwizi kwa sababu hiyo?

Nimefikiri sana mahali tulipoitoa tabia hii. Sisi watu wa Usukumani tumelelewa katika mashindano ya ngoma. Bagalu wacheza upande huu, Bagika upande ule, kwa wakati mmoja, na watu wako huru kwenda watakako. Mwenye kuvuta watu wengi ndiye aliyeshinda, na dawa husemwa sana. Ni mchezo wa wazee wetu nami naupenda; kila mwezi wa Juni pale Bujora hupendeza kuutazama. Lakini katika ngoma umati ndio mwamuzi, na hivyo ndivyo ngoma ilivyo. Mpira si hivyo. Umati ukienda wote upande mmoja, goli halibadiliki. Tumeuchukua uamuzi wa ngoma tukaupeleka penye hesabu, ndiyo maana mwenye kundi kubwa na sauti kali hushinda ubishi, hata kama hakuona goli lilivyofungwa kwa kuwa alikuwa akinunua miwa.

Tena asiseme mtu kwamba ubishi wa baada ya mechi ni kitu kibaya. Ubishi wa haki umejenga timu kubwa duniani. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa. Zamani mshambuliaji alitakiwa kuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Sasa wakatosha wawili. Magoli yakawa mengi mno. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Arsenal ya London ilikwenda kwa Newcastle ikafungwa 7 kwa 0. Tafadhali itazame hesabu hiyo: ni ile ile ya Polisi Tabora na Oljoro. Kapteni wao, Charlie Buchan, alikasirika, lakini hakuuliza nani kauza. Alisema kwamba kwa sheria mpya sentahafu hawezi tena kuzurura uwanjani; yapasa arudi nyuma, asimame katikati ya mabeki wawili. Kocha wao, Herbert Chapman, akasikia. Siku chache baadaye wakaenda kwa West Ham na mpango ule, wakashinda 4 kwa 0. Arsenal ya Chapman ikatwaa ubingwa wa ligi mwaka 1931 na tena 1933. Mambo hayo yote yalianza na watu waliofungwa saba wakauliza swali lililo sawa.

Wala sisemi kwamba daftari peke yake latosha. Mwingereza mmoja, Charles Reep, mtu wa hesabu katika jeshi la anga, alianza mwaka 1950 kuandika kila pasi ya mechi kwa alama zake. Akaona kwamba magoli mengi hutokana na pasi tatu au pungufu, akahubiri kwamba mpira upigwe mbele kwa haraka. Baadaye wengine wakamwonyesha alichosahau: karibu mashambulizi yote, yenye goli na yasiyo na goli, huwa na pasi chache. Hesabu ilikuwa ya kweli, lakini swali lilikuwa pungufu. Hata hivyo aliweza kusahihishwa, kwa kuwa aliandika. Mpiga kelele hasahihishwi, maana kesho atakana aliyoyasema jana.

Sasa nageuka kwa wenzetu wa Geita, maana wao wana sababu ya kutusikiliza kuliko wengine. Timu yao ilikuwa chini ya Halmashauri ya Mji, yaani ya watumishi wenzetu. Katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2021/22, Geita Gold ilishika nafasi ya nne, na George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa magoli 17, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa moja. Wakacheza hata mashindano ya Afrika. Mwaka 2024 wakashuka daraja. Magoli 17 ya Mpole kila mtoto wa Geita ayajua. Je, kuna tawi gani la chama lililoandika magoli waliyofungwa, na dakika zake, na upande yalikotokea? Mfungaji huondoka, naye Mpole aliondoka. Abakiye ni mlango ulio wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na Stand United mwaka 2025 walirudi hata mlangoni pa Ligi Kuu, wakacheza mchujo na Fountain Gate, wakashindwa. Jioni ile neno la kwanza nililolisikia mtaani ni lile lile. Nikajua hatujajifunza.

Kwa hiyo naleta mashauri matatu mbele ya chama.

La kwanza, kila tawi, Shinyanga, Kahama na Geita, liweke daftari la mechi. Iandikwe dakika ya goli, mpira ulikopotelea, aliyepaswa kuwapo, na mchezaji gani alikuwa ameingia au ametoka. Kazi hii yataka mtu mmoja mwenye penseli na saa. Matawi yapelekeane nakala.

La pili, mwanachama atakayesema kwamba mchezaji kauza mechi apewe karatasi, aandike jina lake, ushahidi wake na sahihi. Kama ana ushahidi, tumsindikize kwenye shirikisho la mpira na kwa wanaozuia rushwa, wala tusiogope. Kama hana, aombe radhi mbele ya wale wale aliowasikilizisha.

La tatu, tukiwa na nguvu za kupaza sauti, tuzipeleke mkutanoni. Tuulize wachezaji wamelipwa lini, na fedha za mdhamini ziko wapi. Hilo ndilo swali la mshahara lililo halali kumwuliza mtu.

Wako watakaosema kwamba nataka kuleta ofisi uwanjani na kuua starehe. Siui kitu. Utani wa Simba na Yanga na uendelee, nami ni mtani hodari. Kumcheka mtu aliyepiga mpira hewani ni starehe. Kumwita mwizi mtoto wa mtu ambaye hajalipwa miezi mitatu si starehe, ni dhuluma, na dhuluma ya mwenye elimu ni nzito kuliko ya asiye nayo.

Daftari langu nimekwisha kulinunua, nalo limo katika mtoto wa meza. Ukurasa wa kwanza nimeandika goli moja la zamani: upande wa kushoto, kiungo alitoka kwa maumivu, aliyeingia hakuambiwa. Na chini yake nimeandika jina la mtu aliyepiga kelele.

Ni mimi ndugu yenu,
Karani wa Masjala,
Shinyanga.